Kutaja Dini Katika Mjadala: Ni Ushuhuda au Ni Hoja?

Kuna tamko ambalo mwalimu yeyote wa shule ya upili nchini Kenya amelizoea kama alivyoizoea kengele ya mapumziko. Mada imeandikwa ubaoni: adhabu ya kifo, mathalan, au mahari, au upangaji wa uzazi. Mwanafunzi anasimama, anasafisha koo, na kabla hajatoa hoja hata moja anaanza: "Mimi kama Mkristo..." Mwenzake wa upande wa pili naye anajibu: "Sisi Waislamu..." Hapo darasa hutulia ghafla, mithili ya watu waliosikia mlango ukikomewa, na mwalimu hutazama saa yake.

Wapo wanaoshikilia kwamba tamko la namna hiyo halifai kusikika kabisa katika darasa au ukumbi wa mjadala. Dini, wasema, ibaki nyumbani na katika nyumba za ibada. Wapo pia wanaoamini kwamba anayenyamaza kuhusu dini yake amemwonea haya Mola wake mbele ya watu. Mimi siafikiani na kundi lolote kati ya haya mawili. Rai yangu ni kwamba mtu ana haki ya kuitaja imani yake waziwazi, na mara nyingine ana wajibu wa kufanya hivyo. Lakini akishaitaja asidhani kwamba amejadili.

Kwanza nimalize kijambo kimoja cha sarufi, maana kisiposemwa hapa hakitasemwa popote. Hilo neno "kama" katika "mimi kama Mkristo" tumelibeba kutoka Kiingereza bila kulikagua. Katika Kiswahili cha wenyewe, "kama" huonyesha mfanano. Anayesema "mimi kama Mkristo" amesema, kwa sikio la mzee wa Lamu, kwamba yeye anafanana na Mkristo, jambo ambalo huenda ni kweli lakini silo alilokusudia. Aseme "mimi nikiwa Mkristo", au "kwa kuwa mimi ni Mwislamu". Na atakapolitumia hilo "kwa kuwa", atajikuta amelazimika kueleza uhusiano uliopo kati ya dini yake na jambo analolidai. Hapo ndipo kazi ya kufikiri inapoanza.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu mzizi mmoja ambao umetuzalia ukoo mzima: shahidi, ushahidi, ushuhuda, shahada, kushuhudia. Shahada ni tamko ambalo kwalo Mwislamu hukiri upweke wa Mwenyezi Mungu na utume wa Muhammad. Ushuhuda ni masimulizi ya Mkristo kuhusu jinsi alivyookoka, desturi iliyopata nguvu kubwa katika eneo letu kutokana na Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Shahidi ni yule anayesimama kizimbani kueleza alichokiona, na pia ni yule anayeuawa kwa ajili ya imani yake. Na kana kwamba hayo hayatoshi, shahada vilevile ni ile karatasi ambayo chuo kikuu humkabidhi mhitimu aliyevaa joho!

Lugha yetu, kwa hivyo, imekivika kiapo cha imani na uthibitisho wa elimu nguo za kitambaa kimoja. Sishangai kwamba wasemaji wake huchanganya mambo. Kati ya "ushuhuda" na "ushahidi" pana tofauti ya irabu tatu tu, lakini kimaana pana bonde. Ushahidi ni kitu ninachoweza kukuwekea mezani ukakipindua na kukikagua hata kama hunipendi. Ushuhuda ni habari za nafsi yangu. Waweza kuusikiliza, waweza kuuheshimu, waweza hata kuguswa nao, ila huwezi kuukagua. Mijadala mingi ninayoisikia huharibika palepale, mtu anapoulizwa ushahidi akatoa ushuhuda.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba si kila sentensi hutoa habari. Nyingine hutenda. Kadhi anapoozesha, hakimu anapohukumu, mtu anapoapa, ulimi wenyewe ndio unaofanya kazi. Kukiri dini ni tendo la aina hiyo. Mtu akisema "nimeokoka" hajatoa dai linalongojea kupimwa. Amejiweka mahali, amejifunga kwa jamaa fulani, na amewaomba wasikilizaji wamtazame kwa namna fulani. Ndiyo sababu haiwezekani kumjibu "si kweli" bila kumtukana. Na ndiyo sababu tamko hilo likitumiwa pahali pa hoja humnyang'anya mpinzani ulimi.

Hata hivyo, wale wanaotaka dini isitajwe kabisa wamesahau historia ya lugha hii wanayoitumia. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka uohuo alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia katika kazi hiyo alikuwa Sheikh Ali bin Mohiuddin, kadhi wa Mombasa. Hebu mwalimu awaombe wanafunzi wake waifikirie picha hiyo: mmisionari na kadhi wameketi pamoja juu ya maandiko matakatifu, wakitafuta neno linalofaa. Hakuna kati yao aliyeweza kujifanya hana dini, kwa kuwa cheo cha kila mmoja kiliitangaza. Lakini kwa vile kila mmoja alimjua mwenzake yu wapi, waliweza kushughulikia neno.

Au tuchukue tafsiri za Kurani. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa Zanzibar, naye aliiambatanisha na maelezo yenye mwelekeo wa Kikristo. Mwaka 1953 ikatoka ya Waahmadiya, iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi. Kisha mwaka 1969 ikakamilika ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ndani yake akawakosoa Waahmadiya bila kuuma maneno. Ni ugomvi, ndiyo, tena ugomvi mkali. Lakini msomaji wa leo anayezilinganisha tafsiri hizo tatu hapotei, kwa kuwa kila mfasiri alijulikana anasimama upande gani. Akiona neno fulani limepinda, anajua upepo uliolipinda ulivuma kutoka wapi. Lau wote watatu wangejidai kuwa hawana upande, tungelazimika kulikisia kila neno.

Kabla ya hao wawili wa mwisho, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa ameanzisha gazeti la Al-Sahifa mwaka 1930, na la Al-Islah mwaka 1932, ambamo alijadili elimu, desturi na mwenendo wa jamii. Alizungumza kwa jina la Uislamu waziwazi, na bado wengi aliowakosoa walikuwa Waislamu wenzake. Imani yake haikuwa blanketi la kuwafunika watu wake. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014, naye hakuificha dini yake mbele ya kamera wala katika mihadhara, na wapinzani wake, ambao hawakuwa haba, hawakukosa la kushika.

Mfano unaonigusa zaidi katika taaluma yangu ni ule wa John Mbiti na Okot p'Bitek. Mbiti, Mkenya, alikuwa kasisi wa Kianglikana na mwanachuoni, na kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika na falsafa kilitoka mwaka 1969. Okot, mshairi wa Kiacholi kutoka Uganda, akamshambulia yeye na wengine katika kitabu chake kuhusu namna usomi wa Kimagharibi ulivyozichukua dini za Kiafrika. Shtaka lake kubwa lilikuwa kwamba wasomi hawa walikuwa wakiivika miungu ya Kiafrika majoho ya Kiyunani ili ifanane na Mungu wa Wakristo.

Katika kitabu hicho mna kisa ambacho kila mwanafunzi wa tafsiri angefaa kukijua. Mapadre wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno lililolingana sawasawa na "kuumba" kwa maana waliyoikusudia mapadre. Basi swali likageuzwa likawa kwamba ni nani aliyewafinyanga, kama udongo. Wazee, baada ya kusumbuliwa, wakakumbuka kwamba yuko mmoja anayewafinyanga watu: Rubanga, roho mbaya anayewapinda watu migongo wakawa vibiongo. Mapadre wakafurahi kupata jina, na Rubanga akaingizwa katika mafundisho ya kanisa kuwa Mungu Muumba.

Okot alikuwa na haki ya kucheka. Lakini naomba mwanafunzi azingatie kwamba aliweza kuujenga ukosoaji wake vizuri kwa sababu Mbiti hakujificha. Ukasisi wake ulikuwa bayana. Ingelikuwa vigumu mno kumkosoa mtu mwenye imani ileile lakini anayeandika kana kwamba anatazama mambo kutoka mawinguni. Na hili ndilo jibu langu kwa wale wanaosema dini iachwe nyumbani: haiachiki. Mtu akikatazwa kuitaja mlangoni itaingia kwa dirishani, imevaa nguo za "maadili yetu", "utamaduni wetu" au "kila mtu anajua". Nafadhali niione.

Nimesema habari za wenye dini. Je, asiye nayo? Mwezi Machi mwaka 1970, mwandishi aliyejulikana wakati huo kwa jina la James Ngugi alihutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki. Aliianza hotuba kwa kuwaeleza wenyeji wake kwamba yeye si mtu wa kanisa, na kwamba hata Mkristo si Mkristo. Kisha akaendelea kulichambua kanisa na uhusiano wake na ukoloni. Alipomaliza, mzee mmoja mwembamba alisimama akitetemeka kwa hasira, akaja mbele huku ametikisa bakora yake, akamwonya kijana huyo atubu. Tena akaongeza kwamba msemaji huyo ni Mkristo, apende asipende, na ithibati ni jina lake: si anaitwa James?

Habari hiyo imesimuliwa katika dibaji ya mkusanyiko wa insha zake uliochapishwa mwaka 1972, na baadaye tunamjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o hadi alipofariki mwaka 2025. Wengi huisimulia kwa kumcheka yule mzee. Mimi simcheki. Kwa maoni yangu alikuwa mwanaisimu bora kuliko alivyojua. Aliona kwamba kukiri si kwa sentensi tu. Jina nalo hukiri, tena kila siku, hata mwenyewe akiwa amelala. Na Ngũgĩ, kwa kuliacha jina hilo, alikubali hoja ya mzee ingawa aliikataa dini yake. Huo ndio mjadala uliofanya kazi: upande mmoja ulitamka wazi, upande wa pili ukajibu kwa hoja iliyoweza kushikika, na jambo fulani duniani likabadilika.

Ninyi walimu mnaliona hili la majina na mavazi kila asubuhi gwarideni. Fatuma hahitaji kusema yeye ni nani, jina lishasema. Kesi ya hijabu katika shule moja ya kaunti ya Isiolo ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 2016 na Mahakama ya Juu mwaka 2019, na kila mahakama ilikuwa na lake. Hapa sitaki kuamua kesi iliyokwisha. Nataka tu tukumbuke kwamba katika darasa moja, mwanafunzi mmoja ametambulishwa na kitambaa kabla hajafungua kinywa, na wa pili ana hiari ya kuchagua wakati wa kujitambulisha. Hawajaanza mjadala katika mstari mmoja.

Sheria yenyewe haina utata. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 8, yasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na haki ya kuidhihirisha imani hiyo hadharani au faraghani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo inawaruhusu wafadhili wa shule, ambao wengi wao ni makanisa, kuendeleza malezi ya kiroho, kwa sharti kwamba imani za wanafunzi wengine zilindwe. Kwenye karatasi mambo ni shwari.

Darasani mambo si shwari. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya Wakenya wanane katika kila kumi walijitambulisha kuwa Wakristo. Waislamu walizidi milioni 5. Waliosema hawana dini walikuwa zaidi ya 750,000, na wanaofuata dini za jadi walizidi 300,000. Hao wa mwisho ndio wanaonishughulisha. Katika miaka yote niliyosikiliza mijadala ya wanafunzi, sijapata kumsikia aliyesimama akasema, "Mimi nikiwa mfuasi wa dini ya mababu zangu." Wapo, sensa imetuambia. Ila tamko lao halina soko. Wanapomsikia wa kwanza akianza na "Bwana asifiwe" na darasa zima likiitika, wanajua kwamba mlango umefungwa nao wako nje. Vivyo hivyo kwa mtoto wa Kikristo katika baadhi ya shule za Pwani na Kaskazini Mashariki, ambako mwitikio wa darasa ni mwingine. Uwazi wa wengi ni rahisi, haugharimu kitu. Uwazi wa mmoja kati ya arobaini waweza kumgharimu marafiki wa muhula mzima, na mwalimu anayesema "kila mtu aseme imani yake kwa uhuru" bila kuijua bei hiyo, hajawapa wanafunzi wake uhuru sawa.

Turudi kwenye adhabu ya kifo, maana ndiyo mada inayopendwa na watunga mitihani. Mwanafunzi anasema, "Kwa kuwa mimi ni Mkristo, napinga adhabu hii." Vyema. Lakini wako Wakristo wanaoiunga mkono kwa Biblia ileile, na katika sheria ya Kiislamu kisasi kimewekwa pamoja na msamaha na fidia. Kwa hiyo tamko lake halijatuambia hata ni kwa nini yeye, miongoni mwa waumini wenzake, amefika alikofika. Akiendelea na kusema kwamba uhai ni amana asiyoruhusiwa binadamu kuivunja, ametoa kanuni. Akisema kwamba mahakama hukosea na mfu harudishwi, ametoa hoja ambayo hata asiye na dini hana budi kuijibu. Akikumbuka kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, na kwamba Mahakama ya Juu mwezi Disemba mwaka 2017 iliamua kuwa kuwalazimisha mahakimu kutoa hukumu hiyo ni kinyume cha Katiba, ametoa ushahidi. Imani yake haikutoka chumbani muda wote huo. Ndiyo iliyomsimamisha kwenye miguu. Lakini haikuachiwa peke yake ibebe mzigo wote.

Walimu huniuliza insha kama hiyo isahihishwe vipi. Wako wanaokata alama pindi tu wanapoona jina la Mungu, na wako wanaoandika "vizuri sana" kwa wino mwekundu kwa sababu hiyohiyo. Wote wawili wamesahihisha roho badala ya insha. Mimi nisingeikata alama sentensi ya kwanza wala nisingeipa. Ningeisoma kama ninavyosoma jina la mtahiniwa juu ya karatasi: imenijulisha ni nani anayesema. Alama ningeanza kuzitoa kwenye sentensi ya pili.

Kuhusu mwalimu mwenyewe, kanuni haiwezi kuwa ileile. Mwanafunzi akiitaja dini yake anasema na wenzake. Mwalimu akiitaja yake anasema akiwa ameshika chaki, daftari la alama na, wakati mwingine, fomu ya mapendekezo ya chuo. Akiulizwa, ajibu kwa ukweli; kukwepa ni somo baya. Ajibu mara moja, kwa sentensi moja, kisha amwite azungumze yule aliyeketi nyuma karibu na dirisha, ambaye tangu muhula uanze hajaitika salamu ya mtu yeyote.